Ukungu kwenye gunia: Jina lake huonekana, sumu yake hupimwa

RUBAVU. Mahindi yaliyonunuliwa yakiwa safi Mashariki mwa Rwanda, Uganda au Tanzania yanaweza kufika Gisenyi, yakakaa stoo wiki mbili yakisubiri bei ya Goma ipande, na siku gunia linapofunguliwa likatoa harufu ya uvundo na vumbi la kijani. Mwenye mali hufanya anachokijua. Huyaanika upya, huyapepeta, huyachanganya na mazuri, kisha huyapeleka kwenye mashine ya kusaga au moja kwa moja hadi Petite Barrière.

Kazi yote hiyo inaweza kuondoa vumbi na harufu huku tatizo lenyewe likibaki ndani ya punje. Sababu ni namna ukungu unavyoishi na kuzaana, jambo ambalo mfanyabiashara wa nafaka anahitaji kulijua kama anavyojua bei ya gunia. Asiyelijua hupoteza mtaji mpakani, au huuza sumu bila kukusudia kwa watu wale wale wanaomlisha.

Mbegu isiyoonekana kwa macho

Ukungu ni kiumbe hai, wa jamii moja na uyoga. Hauna majani wala hautegemei jua kutengeneza chakula. Mwili wake ni nyuzi nyembamba sana zinazotambaa ndani ya punje. Nyuzi hizo hutoa majimaji yanayomeng'enya wanga na mafuta ya mahindi au karanga, kisha hufyonza kilichoyeyuka. Kwa hiyo wakati jicho linapoona doa juu ya punje, nyuzi zimekwisha kuingia ndani.

Zikishiba, nyuzi hizo huinua vijiti vidogo juu ya punje, na kwenye ncha za vijiti hutengenezwa mbegu ambazo wataalamu huziita spora. Vumbi la kijani linalopaa gunia linapotikiswa ni spora hizo. Spora moja ya ukungu unaoitwa Aspergillus flavus, unaosumbua zaidi mahindi na karanga katika ukanda wetu, ina upana wa sehemu 3 hadi 6 za milimita iliyogawanywa mara elfu. Zikipangwa mstari mmoja, zaidi ya mia moja na hamsini zinaenea ndani ya milimita moja. Kijiti kimoja huzaa mamia ya spora, na doa lenye upana wa ukucha lina vijiti vingi visivyohesabika.

Kuzaana huku hakuhitaji dume wala jike. Uzi mmoja unatosha kutoa mamilioni ya spora zinazofanana nao. Ndiyo maana ukungu huenea haraka kuliko mdudu yeyote wa ghalani. Iko pia njia ya pili, ya kuchanganya damu. Ukungu wa aina mbili zinazopatana hukutana ndani ya vidonge vidogo vigumu vyeusi vinavyolala udongoni. Kwa Aspergillus flavus, njia hiyo ilielezwa na watafiti wa Marekani mwaka 2009 tu, ingawa ukungu wenyewe ulijulikana tangu zamani. Vidonge hivyo huvumilia kiangazi shambani, na mvua ikirudi huchipua upya. Mkulima anayemwaga mahindi juu ya udongo mtupu ili kuyakausha anayalaza karibu kabisa na kitanda cha ukungu.

Spora husafiri kwa upepo, kwa miguu ya fukusi na dumuzi, kwa mikono ya wapakiaji na kwa magunia. Hapa ndipo biashara ya mpakani inapoingia. Gunia tupu linalorudi kutoka Goma, likakung'utwa na kujazwa tena mahindi mapya, hubeba spora za mzigo uliopita hadi kwenye mzigo ujao.

Hata hivyo spora peke yake haina nguvu. Inaweza kukaa juu ya punje kavu kwa miezi bila kufanya lolote, ikisubiri maji. Punje ikipata unyevu, ndani ya saa chache spora huvimba na kuchipua uzi, na baada ya siku chache uzi huo nao unazaa. Kiwango cha unyevu kinachokubaliwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi, yaani asilimia 13.5, kimewekwa kwa sababu hiyo. Chini ya hapo spora hulala, na unyevu unapozidi kupanda huamka.

Vichwa vinne vya kutambua

Mtaalamu wa maabara anapopewa sampuli ya mahindi yaliyooza, haangalii rangi peke yake. Huotesha ukungu kwenye kisahani chenye chakula maalumu, huusubiri siku kadhaa mpaka uzae, kisha hutazama kwa hadubini namna spora zilivyobebwa. Nyuzi za ukungu mmoja hufanana mno na za mwingine. Kinachoutambulisha hasa ni kiungo chake cha uzazi. Kwa nafaka zinazopita Rubavu, vichwa vinne vinastahili kujulikana.

Cha kwanza ni cha Aspergillus. Kijiti chake husimama wima na kuishia kwenye kibonge cha mviringo. Juu ya kibonge hicho hupangwa vichupa vidogo, na kila kichupa hutoa mnyororo wa spora. Mwaka 1729 padri na mtaalamu wa mimea wa Florence, Pier Antonio Micheli, aliutazama akaona umefanana na kinyunyizio cha maji ya baraka kinachotumika kanisani, kiitwacho aspergillum kwa Kilatini. Jina likabaki hilo. Waumini wa Gisenyi wanaokiona chombo hicho mkononi mwa padri wanajua tayari umbo la ukungu huu. Aina ya flavus huwa ya kijani chenye manjano. Aina ya niger huwa nyeusi kama masizi.

Cha pili ni cha Penicillium. Huu hauna kibonge. Ncha ya kijiti hugawanyika matawi, na minyororo ya spora husimama juu yake kama nyuzi za ufagio. Rangi yake mara nyingi ni kijani cha buluu. Ndiyo jamii iliyompa binadamu dawa ya penisilini, lakini ndani ya gunia ni dalili ya mzigo uliohifadhiwa ukiwa na unyevu.

Cha tatu ni cha Fusarium, unaopendelea mahindi yakiwa bado shambani, hasa penye baridi na mvua. Punje hupata rangi nyeupe au ya waridi. Spora zake kubwa zimepinda na kuchongoka pande zote mbili, mfano wa mtumbwi wa Ziwa Kivu ukitazamwa kwa ubavu, na ndani zimegawanywa vyumba vyumba.

Cha nne ni cha Rhizopus, ukungu wa mkate na matunda. Huu hubeba spora ndani ya kifuko cha mviringo kilicho juu ya kijiti, kama kichwa cha pini nyeusi. Chini ya kijiti huwa na vizizi vinavyoushikilia kwenye chakula, na vizizi hivyo ndivyo vinavyoutofautisha na ndugu yake Mucor.

Si kila kichwa ni adui. Katika Kanda ya Ziwa ya Tanzania, Uganda na nchi za jirani, wako wanaotengeneza unga wa muhogo kwa kurundika mizizi iliyomenywa na kuifunika mpaka iote ukungu. Kisha huukwangua ukungu, wakaanika muhogo na kuusaga. Uchunguzi wa muhogo wa namna hiyo nchini Uganda ulikuta Rhizopus na Neurospora, ukungu wenye rangi ya chungwa, vikifanya kazi ya kulainisha mizizi na kupunguza sumu ya asili ya muhogo mchungu. Mama anayeuza unga huo Gisenyi au Goma anafanya kazi na ukungu kila wiki. Ugumu ni kwamba mazoea hayo huwafanya wengine waamini kwamba ukungu wa mahindi nao unaweza kukwanguliwa, na mambo yakaisha.

Jina si sumu

Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa ambao haukuwa na jina. Wachunguzi waliufuata hadi kwenye mashudu ya karanga waliyolishwa, na ndani yake wakakuta sumu iliyotengenezwa na Aspergillus flavus. Sumu hiyo ikaitwa aflatoksini, jina lililofupishwa kutoka la ukungu wenyewe. Kiswahili cha wataalamu huiita sumukuvu, neno linalojumuisha pia sumu za ukungu mwingine, kama fumonisini inayotengenezwa na Fusarium.

Hapa ndipo wafanyabiashara wengi hukosea, kwa pande zote mbili. Wapo wanaodhani kila mahindi yenye doa la kijani yana sumu. Wapo wanaodhani yasiyo na doa ni salama. Dhana zote mbili hazina uhakika. Hadubini inaweza kusema kwamba ukungu ni Aspergillus flavus, lakini haiwezi kusema kama ukungu huo umetengeneza sumu, wala ni kiasi gani. Ndani ya jina hilo hilo kuna koo zinazotengeneza aflatoksini nyingi na koo zisizotengeneza kabisa, na vichwa vyao havina tofauti ya kutegemewa.

Watafiti wameigeuza hali hiyo kuwa kinga. Dawa ya shambani iitwayo Aflasafe, iliyosajiliwa Kenya mwaka 2015 na Tanzania mwaka 2018, ni mbegu za mtama zilizopakwa spora za Aspergillus flavus zisizo na sumu. Zikitawanywa shambani kabla mahindi hayajakomaa, spora hizo huzaana na kuzinyang'anya nafasi zile zenye sumu. Mahindi kutoka shamba kama hilo yanaweza kuwa na ukungu wa jina lile lile na yakapita kipimo.

Upande wa pili ni wa hatari zaidi. Ukungu unaweza kufa, spora zikapepetwa na harufu ikaisha, lakini sumu iliyokwisha kutolewa ndani ya punje ikabaki. Jua huua nyuzi na kukausha punje, lakini mahindi yaliyopata sumu hayawi salama kwa kuanikwa. Kuosha hutoa vumbi la juu. Moto wa kupikia ugali hautoshi kuivunja aflatoksini. Kuchanganya debe moja baya na manne mazuri hutia sumu kwenye madebe matano.

Gharama yake imekwisha kuonekana katika ukanda huu. Mwaka 2004 Mashariki mwa Kenya, zikiwemo Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Wachunguzi walipopima bidhaa za mahindi 350 kutoka masoko 65 ya eneo hilo, asilimia 55 zilizidi kiwango kilichoruhusiwa wakati huo. Sumu haikubaki kwenye ghala la mkulima. Ilikuwa pia sokoni, mikononi mwa wachuuzi. Mwaka 2016 msiba kama huo ulitokea Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ukaua watu 20.

Vifo vya ghafla hutokea sumu inapokuwa nyingi sana. Sumu kidogo kidogo ya kila siku haina kishindo, lakini Shirika la Afya Duniani kupitia kituo chake cha utafiti wa saratani limeiweka aflatoksini katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Huharibu ini, na kwa mtu mwenye homa ya ini aina ya B hatari huongezeka maradufu na zaidi. Mahindi mabovu yakipewa ng'ombe, sehemu ya sumu hutoka kwenye maziwa. Kwa hiyo kuuza gunia lililokataliwa kuwa chakula cha mifugo hakuliondoi mezani. Hulirudisha likiwa ndani ya kikombe cha mtoto.

Mpaka unauliza nini

Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi kinaruhusu jumla ya aflatoksini isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo, na katika hizo, aina ya B1 iliyo kali zaidi isizidi 5. Kwa tani nzima, yaani magunia kumi ya kilo mia, sumu yote isizidi miligramu 10, uzito usiofika wa punje moja ya mchele. Hakuna jicho, pua wala ulimi unaoweza kupima kiasi hicho.

Tarehe 5 Machi 2021 wafanyabiashara wa ukanda huu waliona namba hiyo inavyoweza kufunga barabara. Mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye njia ilifunguliwa, kwa masharti ya waagizaji kujiandikisha na kila mzigo kuwa na cheti kinachoonyesha kwamba aflatoksini iko chini ya kiwango. Waliokuwa na malori njiani ndio waliobeba hasara ya siku zile.

Rubavu haijawekewa kizuizi cha aina hiyo kwa safari ya Goma, lakini Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, na viwango vya Jumuiya vinakusudiwa kutumika kwa wanachama wote. Ni vizuri mfanyabiashara mdogo atofautishe karatasi mbili. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, huthibitisha kwamba mali imetoka ndani ya Jumuiya na humpunguzia ushuru. Hakisemi lolote kuhusu usalama wa chakula. Mwenye cheti hicho bado anaweza kuzuiwa kwa unyevu au sumu.

Hata kipimo kina mtego wake. Sumu haienei sawasawa ndani ya gunia. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote, na nyingine elfu zikawa safi. Mkaguzi akichoma bambo mahali pamoja tu, mzigo mbaya unaweza kupita na mzuri ukakataliwa. Sampuli inayoaminika huchotwa juu, katikati na chini, kwenye magunia mengi, ikachanganywa na kusagwa kabla ya kupimwa. Mfanyabiashara ana haki ya kutazama jinsi sampuli yake inavyochotwa, na ni kwa faida yake kuomba ichotwe hivyo.

Kabla ya kuvuka

Kwa kuwa sumu haiondoki ikishaingia, pesa ya mfanyabiashara hulindwa siku ya kununua. Nchini Rwanda mavuno ya msimu A hutoka karibu na mwanzo wa mvua za Machi hadi Mei, kwa hiyo mahindi mengi hupata shida ya kukauka wakati ule ule bei inapomvuta mkulima auze haraka. Kiwanda cha Africa Improved Foods cha Kigali kilitafuta njia ya kulikwepa tatizo hilo kwa kununua mahindi yakiwa bado kwenye magunzi na kuyakausha chenyewe kwa mashine. Mfanyabiashara mdogo hana mashine hiyo, lakini ana njia nyingine.

Asiye na kipimo cha unyevu anaweza kutumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi mpaka theluthi moja, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, ifunike na uitikise vizuri. Iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15, usiyapakie. Isipoganda, yako chini ya hapo, lakini huenda hayajafika 13.5. Kuyaanika siku moja zaidi juu ya turubai si kazi bure.

Kuchambua kwa mkono nako kunasaidia kweli. Punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu au zilizobadilika rangi ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu, na kuzitoa hupunguza kiasi kilichobaki. Kazi hiyo lazima ifanyike kabla ya mashine. Unga hauchambuliki, na kawunga nyeupe iliyosagwa kutoka mahindi mabovu hufanana na ile iliyosagwa kutoka mahindi mazuri. Anayenunua unga kwa jumla ili auvushe anunue kwa msagaji anayeonyesha mahindi yake.

Stoo za Gisenyi ziko kando ya ziwa, na sakafu ya saruji huleta unyevu. Magunia yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta. Lori linalopanda kutoka nchi za joto kupitia milima ya baridi hadi Rubavu linaweza kutonesha maji chini ya turubai lake usiku, hivyo magunia ya juu na ya pembeni yaguswe kwanza yanaposhushwa. Magunia yaliyobeba mzigo wenye ukungu yasirudi kazini. Mifuko isiyopitisha hewa, kama ya PICS, huzuia wadudu na ukungu kwa kuwanyima hewa, lakini hufanya kazi kwa mahindi makavu tu. Mahindi mabichi yakifungwa humo huoza.

Wanawake wa vyama vya ushirika vya Rubavu wanaovusha kilo hamsini au mia kila mmoja hawawezi kulipia maabara kila asubuhi. Wakiunganisha mizigo yao wakanunua kwa muuzaji mmoja, sampuli moja iliyochotwa vizuri inaweza kuwahudumia wote, na gharama ikagawanywa. Cheti cha kipimo hicho, kikiwekwa pamoja na cheti cha uasili, ndicho kitakachowapa sauti siku afisa wa upande wowote atakapotazama doa la kijani na kuamua kwa macho.

Wanaopata hasara kubwa kwa ukungu mara nyingi si waliouruhusu uote. Mahindi hulowa shambani, ukungu huzaana njiani, sumu hugunduliwa mpakani, na gunia linakataliwa likiwa mikononi mwa mtu wa mwisho. Mtu huyo ndiye mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kufungua gunia, kuchoma bambo na kutikisa chupa yake ya chumvi kabla hajatoa pesa.